Mwaka wa Filta Nyekundu

Siku ya arobaini ya Fundi Rashidi, baada ya hitima kusomwa na wageni kulishwa pilau, mjane wake Bi Zena alinishika mkono akanipeleka chumba cha uani, kile nilicholala mwaka mzima nilipokuwa na umri wa miaka ishirini. Kitanda changu cha kamba hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na magunia ya nazi kavu na betri mbili za gari zilizokwisha kazi. Bi Zena alipapasa nyuma ya mlango, akatungua kitu kilichofungwa kwa gazeti. "Alisema hii nikupe wewe," akaniambia. "Kila fundi mpya aliyekuja hapa, kabla hajashika spana, alimnusisha hii kwanza. Hakuwaeleza kwa nini." Sikuhitaji kuifungua. Harufu ya nazi iliyochacha ilinifikia kabla ya gazeti kufunuka, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na moshi. Nilijua ni filta ya hewa, nyekundu, ya pamba, yenye umbo la pia, ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini niliamini ilitupwa shimoni. Nikakaa juu ya gunia, nikalia kilio ambacho siku ya mazishi kilikuwa kimekataa kunitoka.

Leo nina duka la spea pale Kombani, kando ya barabara ya Kwale, na hakuna wiki inayopita bila kijana kuingia akitaka filta ya kungurumisha gari. Ameiona kwenye simu, inametameta, na anaamini akiifunga gari lake litakuwa jingine. Mimi huwauliza maswali mawili tu. Unapita njia gani, na nani atakayeiosha? Wengi hunitazama kama mama aliyepotea njia ya sokoni. Huwaambia kwamba filta ya karatasi ni mtu mnyenyekevu, inashika vumbi mpaka inakufa, unaitupa unanunua nyingine. Ya pamba inaweza kuishi kuliko gari lenyewe, lakini inadai mtunzaji mwenye subira: uioshe kwa sabuni yake, maji yapite kutoka ndani kuja nje ili uchafu usisukumwe ndani zaidi, uianike kivulini, usiikaushe kwa mashine ya upepo, kisha uipake mafuta yake maalumu, matone machache kwenye kila kunjo, uisubiri mpaka wekundu uenee wenyewe. Mafuta yake maalumu, narudia, na kijana hucheka kwa sababu nimelisema neno hilo mara mbili. Angalijua kwa nini nalirudia, asingalicheka.

Gereji ya Fundi Rashidi ilikuwa Bongwe, mbele ya nyumba yake, banda la makuti lenye kontena kuukuu ubavuni, na mwaka ule mimi nilikuwa mwanamke wa kwanza kushika spana pale. Watu walikuja kunitazama kama wanavyokuja kumtazama mbuzi wa miguu mitano. Fundi hakunitetea wala hakunisifu. Alinipa kazi ya filta kwa sababu, alivyosema, mikono ya wanaume wake ilikuwa na haraka. "Filta ni pua ya gari," aliniambia siku ya kwanza. "Mtu akiziba pua hafi papo hapo. Anahangaika kwanza, na kila anayemwona anatafuta ugonjwa kwingine." Nilizianika kwenye kamba nyuma ya kontena, zikining'inia kama samaki wa kukaushwa, na mchana tukala pamoja jamvini: mihogo ya nazi, au bada, ugali wa muhogo, kwa kisamvu, Bi Zena akipakua na kumchokoza mumewe kwamba siku moja atakula na grisi. Nilikuwa na furaha ambayo sikuiambia nafsi yangu kwa sauti, nikiogopa isije ikanisikia ikakimbia. Nilichotaka duniani kilikuwa kimoja tu, nisifukuzwe pale.

Filta nyekundu ilikuwa ya Kassimu, mtu wa Kikoneni aliyekuwa na pikapu ya petroli. Kila alfajiri, akishaswali, alipakia machungwa na mihogo, akapandisha na akina mama wachuuzi watatu wanne nyuma, akashuka kwa njia ya vumbi mpaka lami na kisha hotelini Diani. Filta za karatasi zilimshinda. Lile vumbi jekundu la kwao lilizimaliza kabla ya mwezi kwisha. Basi akaenda Mombasa akarudi na hii ya pamba, na kwa kweli aliipendea sauti. Fundi alimwambia, "Gari lako ni la machungwa, Kassimu, si la mashindano," lakini mteja ni mteja. Akamfungia bomba refu, akaiweka filta pembeni nyuma ya bampa, mbali na joto la injini, ivute hewa baridi ya nje. Ilikuwa kazi nzuri. Kumbukeni hapo alipoiweka.

Mwishoni mwa mwezi wa tano Kassimu aliileta nikaiosha. Fundi alikuwa amekwenda Mombasa, na nilipokuja kuipaka mafuta nikakuta kichupa kimekauka. Kassimu amesimama, machungwa yanamngoja. Ningaliweza kumwambia arudi kesho, ila niliogopa atasema msichana ameshindwa. Nikaingia jikoni kwa Bi Zena nikachukua chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Kwetu sisi mafuta ya nazi ndiyo mafuta. Tunapaka nywele, tunamkanda mtoto tumbo, tunalainisha bawaba za mlango na cherehani, na sijawahi kusikia mtu akilaumiwa kwa kuyatumia. Niliipaka ile filta kama mtu anavyompaka mtoto aliyetoka kuogeshwa, sikubakisha kunjo. Wekundu wa zamani ukaonekana chini yake, ukang'aa. Kassimu akaondoka akinguruma, nami nikajisifu moyoni.

Wiki mbili zikapita salama, kisha kipupwe kikaingia. Siku moja Kassimu alifika kachelewa, uso umemsawijika. Gari limezimika njiani, akasema, kwenye kile kilima baada ya bonde. Sitakitaja jina, kina watu wake ambao sitaki kuwaaibisha. Fundi akalikagua adhuhuri nzima, plagi, petroli, nyaya, akaichomoa hata filta akaishika akaitazama mwangani, akairudisha. Gari likavuma vizuri kabisa. Kesho yake likazimika tena, mahali palepale, na siku ya tatu vilevile. Likikaa kama robo saa linawaka lenyewe kana kwamba hapakuwa na neno. Siku ya nne Kassimu hakutaka chai. Alikaa kwenye jamvi letu akasema polepole, "Pana kikongwe pale. Nyumba yake i karibu na barabara. Kila tukifika tunaanza kusikia ufagio kwanza, halafu ndipo gari linakohoa." Bi Zena akaacha kupakua. "Anatoka anasimama," Kassimu akaendelea, "anatuangalia. Anauliza, 'Mmefika?' Basi. Hasemi jingine. Anarudi kufagia. Akimaliza, gari linawaka." Fundi akauliza kama kuna aliyemjibu. "Nani wa kumjibu, Fundi? Tunasoma Ayatul Kursi, macho chini."

Ninayaandika haya mchana, dukani, watu wakipita na vikapu vyao, na bado ngozi inanisisimka. Nilikuwa msichana wa injini, nikijiona nimeshaachana na hofu za aina hiyo, lakini mazungumzo yale yalikuwa yakiingia chumbani kwangu kupitia ukuta wa udongo. Nilisikia Kassimu akimwambia Fundi kwamba akina mama wameanza kumwachia yule bibi machungwa mawili matatu kando ya njia, kumtuliza. Nikasikia wamefukiza ubani chini ya boneti. Nikasikia jina lake, Mejumaa, na kwamba watoto wake wote walikwenda wasirudi, jambo ambalo zamani lilikuwa la kuhurumiwa na sasa limekuwa ushahidi. Mwishoni mwa mwezi wa sita Kassimu alileta tena filta niikung'ute vumbi. Katika makunjo yake nilikuta vijiti vidogo vya chelewa, vimekatika vyembamba kama sindano. Ni njiti za ufagio. Niliviweka kwenye kiganja, nikamwona yule bibi akifagia ndani ya gari, ndani ya pumzi yake. Sikumwonyesha mtu. Kumbe gari lilikuwa likivuta tu hewa iliyofagiliwa mbele yake, lakini hilo nililielewa baadaye, na kuelewa hakukuifuta ile picha.

Jumapili moja Kassimu alikuja bila gari, akala nasi mbaazi na mahamri, akasema kama mtu anayetaja bei ya maembe kwamba vijana wa kule wamekaa kikao. Ijumaa baada ya swala nyumba ya Mejumaa itasafishwa. Neno alilotumia ni hilo, kusafishwa. "Na mwenyewe?" Bi Zena akauliza. Kassimu akachovya hamri kwenye mbaazi. Sote tulijua. Hapa pwani ya kusini wazee wamekufa kwa maneno mepesi kuliko hayo. Fundi akasema yeye hajaona uchawi unaochagua saa na kilima, Kassimu akamwuliza basi ni nini.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na baridi ya kufunga mabega. Niliingia jikoni kutafuta mafuta ya nywele, nikapindua chupa ya Bi Zena na hakuna kilichotoka. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe, magumu. Bi Zena akanipokonya chupa akaiweka karibu na jiko huku akinicheka: "Mwanamisi, umekuwa mgeni wa kipupwe? Yaache yaone moto." Kila nyumba ya kwetu inajua hilo. Mimi nilikuwa nimelijua tangu nanyonya. Nikasimama pale nikiangalia weupe ule ukianza kulegea pembezoni, ukiteleza, ukirudi kuwa maji, muda kama wa robo saa. Nikaliona bonde lenye ukungu, na bomba la Fundi likivuta hewa ile ya baridi mbali na injini, na pua ya gari ikizibwa na mkono wangu. Bondeni linajikokota, mlimani linahitaji pumzi kubwa nayo haipo. Likisimama, joto la injini linatambaa mpaka kwenye filta na kuyayeyusha mafuta. Ukifika Bongwe adhuhuri, utakagua nini?

Nilikaa kimya siku tatu. Sitaki kujipamba. Niliosha filta nyingine, nikala, nikalala, na kila nilipofungua mdomo nilijiona nikifunga kanga zangu na kuondoka, na wanaume wakisema ndiyo maana mwanamke hapewi spana. Nilijiambia Ijumaa bado. Usiku Bi Zena alinisikia nikigeuka geuka, asubuhi akaniambia mficha maradhi kifo humuumbua, akidhani ninaumwa tumbo. Jumatano mchana Kassimu akaja. Vijana hawakungoja, akasema. Wametia moto jiko la Mejumaa alfajiri ile, kibanda cha makuti, kuku wake wakiwamo ndani. Bibi mwenyewe alikuwa uwanjani akifagia. "Nyumba wamesema Ijumaa," akasema, akaisukuma sahani mbali.

Nikaweka tonge chini. "Ni mafuta ya nazi," nikasema. "Filta niliipaka mafuta ya nazi. Yanaganda kwa baridi. Nimejua tangu Jumatatu." Nilitazama mikono ya Fundi kwa sababu uso wake sikuuweza. Aliinawa polepole, akaipangusa. "Nami niliishika," akasema, "sikuinusa." Kisha akasema kitu nilichokuja kukielewa miaka mingi baadaye. "Leo usiioshe. Tutakwenda nayo ilivyo. Tukiibadilisha hapa gari litapita, na watasema bibi ametishwa ndiyo maana. Lazima lizimike mbele yao, na mdomo utakaosema ni wako."

Tulilala Kikoneni kwa Kassimu, na baada ya swala ya alfajiri tukaondoka, Fundi mbele na Kassimu, mimi na akina mama wachuuzi nyuma juu ya machungwa, pamoja na vijana wawili ambao Kassimu aliwaomba waje kuona. Mmoja alikuwa na harufu ya mafuta ya taa mikononi, au niliitaka iwepo. Njia ilikuwa nyekundu ikaingia bondeni ikawa haina rangi. Ukungu ulikuwa umekaa mle kama maziwa kwenye kata. Nilijua sababu yote, kila kipande chake, ningeweza kuichora kwa chaki, na hata hivyo tulipoanza kupanda na nikasikia kwaruu, kwaruu, ufagio wa chelewa juu ya udongo, moyo ulinidunda mpaka kwenye meno. Gari likakohoa. Likatetemeka. Likazimika. Ufagio nao ukanyamaza.

Alitokea ukunguni na kanga moja ya rangi iliyokwisha, mfupi kuliko nilivyomdhania, amekamata ufagio kwa mikono miwili. Nyuma yake jiko lilikuwa nguzo nne nyeusi. "Mmefika?" akauliza. Sauti haikuwa ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu anayepokea wageni, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Wale mama wakainamisha vichwa. Fundi alishafungua pembeni, akaichomoa filta, akanipa. Ilikuwa nyeupe. Ilikuwa imeganda kama mchuzi wa jana. Nikashuka, nikasema, "Shikamoo bibi. Naomba moto."

"Marahaba, mwanangu," akasema, kana kwamba tulikuwa tumeagana jana. Akanipeleka kwenye mafiga yake matatu, chini ya mbingu, akachokora majivu ya jiko lililoteketea, akapata kaa, akalipuliza. Nikaishika filta mbali kidogo na kaa lile. Wote walikuwa wameshuka wamesimama nyuma yangu. Mafuta yakaanza kudondoka, moshi ukapanda, na mmoja wa wale wachuuzi akasema kwa mshangao mdogo, "Hii ni nazi." Nikawaambia. Mimi ndiye niliyeipaka, kwa haraka na kwa kiburi, na baridi ndiyo inayolisimamisha gari, na tangu Jumatatu nilijua nikanyamaza, na jiko hili limeungua ndani ya kimya changu. Kijana mmojawapo akatazama zile nguzo nyeusi, kisha akatazama viatu vyake. Fundi akairudisha filta. Gari likawaka mara moja. Mejumaa hata hakuwa amerudi kufagia.

Alinishika kiwiko. "Basi si mimi?" akauliza.

"Si wewe, bibi."

Akaangalia mikono yake, akaigeuza. "Nilishaanza kuamini ni mimi," akasema. "Kila nikifagia mnasimama. Nikajiambia, labda ni kweli, labda ninacho kitu. Sijawahi kuwa na kitu." Akamtazama Kassimu kwenye usukani. "Na kesho mtapita tu?"

"Tutapita, bibi," Kassimu akajibu kwa upole, akidhani anampa habari njema.

Ijumaa hapakuwa na lolote. Wale vijana walimjengea jiko jipya, makuti mabichi, na Fundi alimfungia Kassimu filta ya karatasi. Hakunifukuza. Aliniambia tu kwamba atakayejua kosa lake ndiye atakayemwachia funguo za gereji, na mwaka ulipokwisha aliniachia. Kassimu alituambia kwamba wiki za kwanza alikuwa akimpungia mkono akipita, baadaye akawa anasahau. Machungwa hayakuachwa tena kando ya njia, maana hapakuwa na wa kutulizwa. Wakati wa vuli mtu aliyekuwa akitafuta mbuzi wake alimkuta Mejumaa ndani, na ilionekana alikuwa amekufa siku kadhaa. Mlango wake ulikuwa hatua ishirini kutoka barabarani. Nilimwokoa na moto, nikamwachia watu wanaopita bila kusimama. Sijui kama nina haki ya kuliweka hivyo, lakini ndivyo linavyonijia ninapokuwa peke yangu, na ninadhani ndivyo lilivyomjia Fundi kila alipomnusisha mtu ile filta.

Asubuhi baada ya arobaini sikuelekea Kombani. Nilikwenda mpaka Kikoneni, nikageuza, nikaishika ile njia ya bonde, filta nyekundu ikiwa kwenye kiti cha pembeni ndani ya gazeti lake. Kilikuwa kipupwe, na ukungu ulikuwapo. Gari langu lina filta ya karatasi niliyoibadilisha wiki iliyopita kwa mkono wangu mwenyewe, na lilipanda kile kilima bila kukohoa, lingepita hata nisijue kama nimepita. Nikakanyaga breki. Nyumba haikuwapo, ilikuwa kichuguu cha udongo na mkorosho umekiinamia. Lakini mbele yake uwanja ulikuwa umefagiwa. Mistari ya chelewa ilionekana wazi, imepinda kuelekea barabarani, na juu yake hapakuwa na jani, wala alama ya mguu. Nilingoja nisikie ufagio. Sikusikia chochote isipokuwa injini yangu ikivuta hewa vizuri, kama nilivyofundishwa, bila kizuizi chochote. Nikaizima. Nikafungua kioo.

"Tumefika, bibi," nikasema, na nikakaa pale mpaka jua likautoa ukungu bondeni.